Mnalia Matangani, Mgonjwa Hamkumtembelea

Kila jengo la zamani linapoangushwa katikati ya Dar es Salaam, mambo huwa yale yale. Mtu anapita asubuhi akielekea kazini, anakuta pamezungushiwa mabati na kijiko kinachimba. Anapiga picha, anairusha kwenye kundi la WhatsApp. Haipiti saa moja vilio vinaanza. "Dah, wametuulia historia yetu." "Nchi hii bwana." "Wenzetu Ulaya wasingekubali." Mmoja anachimbua picha ya enzi hizo, jengo likiwa jipya, magari ya kizamani yameegeshwa mbele, na hapo machozi yanaongezeka. Ikifika jioni mada imeshahamia Simba na Yanga.

Wadau, mwenye kijiko leo namwacha. Yule ni kibarua, katumwa. Hata mwekezaji nitamgusa kidogo tu, maana hajawahi kutuficha anachokitafuta. Leo naongea na ninyi mnaolia. Ninyi wenye shahada, wenye simu za bei mbaya, mnaojua kutamka neno "urithi" vizuri kuliko mzee anayeishi ndani ya huo urithi na kupokea matone ya mvua kitandani. Mnalia matangani, lakini mgonjwa alipokuwa kitandani hamkumtembelea. Na alilala muda mrefu sana.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wenu mnadhani iko sheria inayolinda kila kitu cha zamani na kwamba tatizo ni rushwa tu. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inalitambua jengo kuwa la kale, bila kusubiri tamko la mtu yeyote, kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Soma tena huo mwaka. 1863.

Sasa jiulize, Dar es Salaam imejengwa lini? Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu pembeni ya kijiji cha Mzizima katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Boma la Kale, pale Sokoine Drive mkabala na bandari, ni la mwaka 1866 hadi 1867. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hospitali ya Ocean Road ni ya mwaka 1897. Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu yalikamilika mwaka 1902. Kwa maneno mengine, karibu mji wote umezaliwa baada ya mstari uliochorwa na sheria. Kilwa iko ndani ya mstari, Kaole iko ndani. Dar es Salaam imebaki nje ya mlango, inagonga.

Jengo la baada ya 1863 likitaka ulinzi, lazima waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Yapo yaliyotangazwa, ni machache. Mengine yote unayoyaona ukitembea Samora, India, Jamhuri, Mosque na Kariakoo yamesimama kwa sababu moja tu: mwenye hela bado hajapata hamu nayo. Akipata hamu, hakuna cha kumzuia isipokuwa kibali cha ujenzi, na kibali kinatafutwa, kinapatikana.

Salamander mnaikumbuka? Pale kona ya Samora na Mkwepu, na baraza lake pana ambalo watu walikaa wakanywa kahawa wakiutazama mji unapita. Liliangushwa muongo uliopita. Nani kati yenu alikuwa ameandika barua hata moja kulihusu kabla halijaangushwa? Nauliza tu.

Basi nendeni Kariakoo. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili imebaki kidogo sana, imebanwa katikati ya maghorofa kama meno ya mzee. Nyumba ile mnaijua hata kama hamjawahi kuifikiria: mlango wa mbele, baraza nje, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kisha uani penye jiko, bafu na choo. Ni ubunifu wa watu wa hapa hapa, hakuletewa mtu na meli. Mwenye nyumba na wapangaji waliishi chini ya paa moja, kila mtu na chumba chake, uwani wa wote. Baraza lilikuwa duka la vitumbua asubuhi, saluni ya kusuka mchana, bao jioni. Mji huu ulijifunza kuwa mji pale barazani. Vuguvugu la siasa za uhuru miaka ya 1950 lilipita kwenye vibaraza na korido hizo kabla halijafika kwenye majukwaa. Nyumba aliyoishi Mwalimu kule Magomeni ni makumbusho leo, vizuri. Na zile za waliokuwa wakimfungulia milango ziko wapi?

Vuka Mnazi Mmoja uingie Uhindini. Inua kichwa. Juu kabisa ya majengo mengi utaona jina la mwenye nyumba na mwaka, 1930 na kitu, 1940 na kitu, vimechongwa kwa saruji. Chini duka, juu familia, roshani zinatazama barabarani. Sasa hapa kuna habari ambayo kizazi chetu hakiijui kabisa. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Tuache kwa leo mjadala kama ilikuwa haki au dhuluma, wapo waliopoteza jasho la vizazi vitatu na hilo lina siku yake. Ninachotaka mkione ni hiki: sehemu kubwa ya majengo hayo bado ni mali ya umma. Ni mali yako. Shirika lilizindua upya sera yake ya ubia mwaka 2022, yaani shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, jengo la zamani linaondoka, ghorofa linapanda, mapato wanagawana. Biashara halali kabisa. Lakini wewe mwenye mali umewahi kuulizwa lipi libaki? Na umewahi kuuliza?

Najua majibu yenu, nimeshayasikia yote.

Jibu la kwanza: "Haya ni majengo ya wakoloni, yaondoke." Hili hupendwa sana na vijana wanaoshinda wamevaa fulana za Arsenal. Ndugu yangu, Mjerumani alichora. Nani alibeba mawe ya matumbawe kutoka pwani? Nani alichoma chokaa, nani alikata boriti za mikoko kule Rufiji, nani alichonga milango? Mafundi na manamba wa nchi hii. Waliolipwa kidogo na waliolazimishwa. Ukiubomoa ukuta ule humwondoi Mjerumani, alishaondoka zamani. Unafuta alama ya mwisho ya mkono wa babu yako, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na hata kama jengo ni la uonevu mtupu, mahakama ile, gereza lile, boma lile, ushahidi wa uonevu haufai kuchomwa. Ufaransa wala Uingereza hawatatutunzia huo ushahidi kwa faida yetu.

Halafu tuwe wakweli. Nyumba za Kariakoo zinazobomolewa kila siku hazikujengwa na mkoloni, na hapo hoja yenu ya ukoloni inakimbilia wapi?

Jibu la pili: "Hatuwezi kuzuia maendeleo." Sawa. Maendeleo ni nini? Kama ni urefu tu, basi kumbukeni tarehe 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, ghorofa jipya lililokuwa bado linajengwa lilipoanguka na kuua watu 36. Lilikuwa jipya, la kisasa, refu. Hospitali ya Ocean Road ya 1897 ilikuwa imesimama siku ile, na imesimama hadi leo, sehemu ya taasisi inayotibu saratani. Azania Front hujaa kila Jumapili. Jengo la zamani likitunzwa linafanya kazi, tena bila kelele.

Na joto je? Mji huu una unyevu unaoivisha mtu. Waliojenga zamani walijua: kuta nene, dari ndefu, baraza la kukinga jua lisipige ukuta, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite. Sisi tunajenga sanduku la vioo, tunalielekeza magharibi, kisha tunalipia umeme kulipoza kuanzia Januari hadi Desemba. Umeme ukikatika wote mnatoka nje kama siafu. Hayo ndiyo maendeleo tunayobomolea? Sisemi mji usikue. Mji wa mamilioni ya watu unahitaji maghorofa, na yapo maeneo mengi ya kuyaweka. Ninachokataa ni tabia ya kudhani kwamba kiwanja kilicho tupu na kiwanja chenye jengo la miaka mia ni kitu kimoja.

Jibu la tatu, na hili ndilo linaloniudhi: "Hiyo ni kazi ya serikali." Au lile dogo lake: "Hiyo ni kazi ya UNESCO." Vukeni bahari basi mkaone. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985. Umeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ndiyo ilikuwa sura ya mji wenyewe, jengo ambalo kila mtalii alilipiga picha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Orodha ilikuwepo, mamlaka ilikuwepo, fedha zilikuwepo. Jengo lilikuwa limeumwa miaka mingi mbele ya macho ya watu wote.

Majengo ya namna hii hayauawi na kijiko peke yake. Huuawa na maji. Mfereji wa paa unaziba, hakuna anayeuzibua, maji yanaingia ukutani. Mbegu ya mtini inaangukia kwenye ufa, inaota, mizizi inapanua ufa. Kisha anakuja fundi wa haraka, anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Kwa macho unapendeza. Lakini ukuta wa chokaa unapumua, na saruji inauziba pua: unyevu unabaki ndani, chokaa inalegea, siku moja upande mzima unashuka. Kisha mhandisi anaitwa, anaandika "jengo ni hatari kwa maisha ya watu", na kweli ni hatari. Hapo ndipo mnapofika ninyi na simu zenu. Mfereji ulihitaji ngazi na saa moja ya kazi, miaka kumi nyuma.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana wapo wahifadhi ambao nao wananichefua. Hawa wanapenda kuta, hawapendi watu. Wanataka mlango wa nakshi ubaki, lakini mpangaji wa chumba cha nyuma aondoke ili pawe na mgahawa wa kapuchino. Huwezi kumwambia mama anayelala chumba kimoja na watoto wanne, choo wanashirikiana kaya sita, kwamba nyumba yake ni urithi wa taifa halafu ukapanda bajaji ukaenda zako. Na mwenye nyumba wa Kariakoo, mwekezaji anapomwambia "nipe kiwanja nikupe ghorofa nzima juu uwapangishe watu", wewe unampa nini ili akatae? Picha yako yenye mioyo mia tatu?

Uhifadhi usiomlipa mwenye nyumba ni wizi wa kistaarabu. Kama jiji linamzuia mtu kujenga ghorofa kumi, basi limfidie kwa namna inayoonekana: limpunguzie kodi ya majengo, limruhusu kujenga uani bila kugusa mbele, limtafutie mkopo nafuu wa kukarabati. Na mpangaji apewe haki ya kurudi baada ya ukarabati, kwa maandishi. Haya hayatatokea kwa huruma. Yatatokea kama kuna watu wanayadai, na wanayadai wakiwa na takwimu mkononi.

Ndiyo maana nasema vijana mliosoma mnahitajika. Kazi hii haihitaji mashujaa, inahitaji watu wenye subira ya karani. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa mmoja wa katikati ya mji, ajenda ikiwa na suala la kiwanja chenye nyumba ya zamani. Walikuwepo wazee wasiozidi ishirini, mwenyekiti, mtendaji, na kijana mmoja aliyetumwa na mwekezaji akiwa na makaratasi mazuri ya rangi. Mzee mmoja alisimama akauliza swali la maana kabisa kuhusu kibali. Yule kijana akamjibu kwa istilahi tano za kitaalamu mfululizo, mzee akakaa. Katika chumba kile hakukuwa na mtu mwingine mwenye elimu ya kumwambia kijana yule: hebu rudia, safari hii kwa Kiswahili. Ninyi mlikuwa wapi? Mtaa ule una ofisi za mawakili kila ngazi unayopanda.

Kwa hiyo tuache vilio tuseme kazi.

Chagua mtaa mmoja. Siyo mji mzima, mtaa mmoja. Upite na wenzako wawili watatu mpige picha kila jengo, mbele, pembeni, juu kwenye mwaka. Ongeeni na wanaoishi humo: nani alijenga, nani aliwahi kupanga, kulikuwa na duka gani. Wazee wanaokumbuka wanakufa kila wiki, na hakuna anayenakili. Mchore ramani, hata kwa mkono. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi wanajua kupima jengo, waombeni waje na tepu zao. Jengo lenye faili ni gumu kulibomoa kimya kimya kuliko jengo lisilo na jina.

Someni matangazo. Mtu anapotaka kubadili matumizi ya kiwanja, hutoa tangazo gazetini na kuweka bango pale pale kwenye kiwanja, na wananchi wanaruhusiwa kupinga. Kurasa hizo za matangazo hakuna anayezisoma isipokuwa madalali. Zisome wewe. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na wananchi wanatakiwa kushirikishwa. Dai kushirikishwa. Andika barua, peleka kwa mkono, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Muhuri una nguvu kuliko maoni elfu moja mtandaoni.

Nendeni kwenye mkutano wa mtaa. Mjueni diwani wenu kwa jina na yeye awajue ninyi kwa usumbufu. Wanasheria, andaeni maombi rasmi kwa waziri ya kutangaza jengo moja, kwa hoja zilizopangika, kisha la pili. Wahasibu, pigeni hesabu ya kukarabati na ya kujenga upya, muweke mezani. Wenye kampuni changa, kodini vyumba kwenye majengo ya zamani badala ya kugombania mnara ule ule wa vioo. Paa linazibwa na kodi ya pango.

Na wote kwa pamoja tudai sheria ibadilishwe. Mnaopenda kutolea mfano Ulaya, acheni Ulaya, tazameni Afrika Kusini. Sheria yao ya urithi ya mwaka 1999 inasema jengo lolote lenye zaidi ya miaka 60 halibomolewi wala halibadilishwi bila kibali cha mamlaka ya urithi. Umri unatembea na kalenda. Haisemi kila kibanda kitunzwe milele, inasema tu kwamba kabla hujabomoa, simama, omba, mtu aangalie. Kwa kipimo hicho jengo lililojengwa mwaka wetu wa Uhuru, 1961, leo lingekuwa limeshaingia kwenye ulinzi. Kwa kipimo chetu cha 1863 hata Ikulu yenyewe ingehitaji tamko la waziri. Mbunge gani atapeleka hoja hiyo kama hakuna mpiga kura aliyewahi kumwuliza?

Mtasema mko bizi. Foleni, kazi, watoto, kozi ya jioni. Naelewa, mji huu unamla mtu. Lakini muda wa kubishana kuhusu usajili wa dirisha dogo mnaupata, na muda wa kulia picha ya kijiko mnaupata. Naomba nusu ya huo, mara moja kwa mwezi, katika mtaa mmoja.

Anzeni na huo mnaopaki magari yenu kila siku. Kuna jengo hapo, juu lina mwaka. Mwaka huo ni ngapi?

Usipoujua, nenda kausome kesho kabla ya saa tatu, jua halijawa kali, uniandikie.

Nawasilisha.